Pikipiki Zisizotaka Haraka

Watu wengi hudhani ya kuwa mashindano ya pikipiki ni mbio tu, na mshindi ni yule atanguliaye. Lakini Uingereza uko mchezo mwingine ambao mwendo wa kasi si kitu. Mpandaji husimama wima juu ya vikanyagio, akapita katika mawe, matope na vijito, huku mwamuzi akimtazama miguu. Akigusa chini mara moja, huandikiwa kosa 1. Akianguka, makosa 5. Ashindaye ni mwenye makosa machache kuliko wote. Hapo ndipo ionekanapo maana ya methali: Mwenda pole hajikwai.

Bwana Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, alipata sifa kubwa kwa pikipiki yake ya Ariel yenye namba GOV 132. Mwishoni mwa mwaka 1964 aliiacha, akashika Bultaco, pikipiki nyepesi ya Hispania. Kuacha chombo kilichompa mtu jina si jambo dogo. Kama angalishindwa, angalichekwa. Lakini mwaka 1965 alishinda kwa chombo hicho kipya mashindano ya siku 6 ya Scotland.

Hata hivyo, chombo hakishindi chenyewe. Mwenye pikipiki ya namna hii, arudipo jioni, huosha matope, hutia mnyororo mafuta, husafisha chujio la hewa na kukaza nati moja moja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na nati iliyolegea haimchagui hodari wala mwanafunzi.