Kanisa Lililobaki

Nilipohudhuria semina ya walimu jijini London, nilipata saa mbili za mapumziko, nikaenda kuiona Fitzrovia Chapel. Hapo zamani ilikuwapo Hospitali ya Middlesex. Ilifungwa mwaka 2005, kisha ikabomolewa, likabaki kanisa lake peke yake katikati ya majengo mapya. (Nasita kuliita kikanisa, kiambishi ki- kingelidunisha.) Kwa nje ni matofali mekundu tu. Ndani, kuta ni za marumaru, na dari zima limenakshiwa kwa vigae vidogo vidogo vya dhahabu. Nilijikuta nimevua kofia.

Ni katika hospitali hiyo ambamo Diana, Binti Mfalme wa Wales, alifungua wodi ya wagonjwa wa UKIMWI mwezi Aprili 1987, akawapa mkono bila kuvaa glavu. Wakati huo, kwetu Masaka, ugonjwa huo uliitwa silimu, na kaka yangu alikuwa amelazwa katika chumba cha uani, sahani na kikombe chake vikitengwa. Aliyekuwa akivitenga ni mimi.

Niliketi kwenye kiti cha nyuma mpaka mlinzi alipokuja kufunga mlango.