Picha 36 za Kilwa

Najua nimekuwa kimya, si mnajua tena mambo ya mazoezi ya kufundisha. Leo najibu swali mnaloniuliza kila siku: kwa nini nilienda Kilwa Kisiwani na kamera ya mkanda wakati simu ninayo?

Jamani, mkanda una picha 36 tu. Na bei yake siku hizi, ukijumlisha na kusafisha, inalikata bumu vibaya sana. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza lazima ujiulize: hii nampigia nani?

Haya ndiyo niliyoona yanasaidia.

Kwanza mwanga. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kuta za matumbawe za Msikiti Mkuu zikionyesha kila kovu. Ukilazimika kupiga mchana, washa flashi, itapunguza kivuli cha kofia usoni. Ila flashi ya kamera ndogo inafika mita tatu hivi, usijisumbue kumulika magofu yote ya Husuni Kubwa!

Pili, chini ya kuba za msikiti kuna giza. Weka mkanda wa 400, zima flashi, egemeza kamera kwenye nguzo, bana pumzi, bonyeza taratibu.

Tatu, kamera hizi zinalenga katikati. Watu wawili wakisimama, inaweza kushika ukuta ulio nyuma yao. Lenga uso wa mmoja, bonyeza kitufe nusu, kishikilie hapo hapo, ndipo upange picha yako. Na kama yako haina kuvuta, kama yangu, basi vuta kwa miguu.

Hiyo miguu ndiyo mambo yote. Ukimsogelea mtu mpaka mita mbili huwezi kumwibia picha, lazima umwamkie. Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa anasuka ukili barazani kwake. Baada ya marahaba akasema, "Wengi wanakuja, mjukuu wangu. Wanapiga mawe yao, wanaondoka."

Nikamwomba nimpige yeye. Akaingia ndani, akabadili kanga, akakaa, akaitazama kamera bila kupepesa. Nikapiga moja tu. Akauliza, "Nitaiona lini?"

Ingekuwa simu ningemwonyesha pale pale, tukacheka, yakaisha. Mkanda hauna cha kuonyesha. Ikabidi niahidi.

Nimelifikiria sana hilo kwa sababu mimi ni mwalimu mtarajiwa wa historia. Tunafundishwa kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kwamba UNESCO iliyaingiza magofu kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Sawa kabisa. Lakini mwanafunzi anaweza kumaliza mada nzima akidhani pale hapaishi mtu. Nikipata darasa langu, picha ya msikiti na ya bibi zitabandikwa ukutani pamoja.

Picha imetoka safi, hata mishono ya ukili inahesabika. Nimesafisha kopi mbili, moja iko kwenye bahasha. Mdau yeyote anayekwenda Kilwa Masoko mwezi huu anishtue, nimwelekeze nyumba. Bibi anasubiri.