Tuwasindikize Vijana wa Kalasi za Mwisho

Watu wengi hufikiri kwamba mtoto mdogo ndiye mwenye haja ya kuangaliwa. Kijana wa kalasi za mwisho, wanasema, amekwisha kukomaa: amesoma, amepata Kipaimara, mwacheni. Sivyo. Katika miaka ile ndipo anapoamua mambo atakayoyabeba mpaka uzeeni: kazi gani, ndoa au utawa, na feza aipate kwa njia gani.

Sisi makatekista tunaowasindikiza vijana hao tunayaona haya kila juma. Kijana anakuja kusaidiwa hesabu. Hesabu zinakwisha, anafunga daftari, wala haondoki. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Tangu mwaka wa 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali hayalipwi, bali ya sekondari hulipwa. Basi huyu amekosa feza, anataka kwenda machimboni. Mwenzake ameambiwa kwamba alama za Mtihani wa Serikali zinanunuliwa, na rafiki zake wanachanga. Msichana anatafutiwa mume naye hajamaliza masomo.

Tufanye nini? Kwanza, tumsikilize mpaka mwisho, bila kumkaripia. Pili, tusimpe jibu letu upesi, bali tumwulize: Ukifanya hivi, nani atapata hasara? Utaweza kumwambia mama yako? Tatu, siri yake tusiitembeze mtaani. Lakini kama kuna mtu anayemtendea vibaya, tumwambie wazi kwamba hatuwezi kunyamaza, tukatafute msaada pamoja naye. Tena tuongee naye mahali panapoonekana na watu, si chumbani.

Pengine mtasema: Maneno matupu yanafaa nini? Tumwangalie Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa na kazi ya kukagua vyakula vinavyoingia nchini. Watu walimletea feza ili apitishe vyakula vilivyooza. Alikataa, kwa kuwaza wale ambao wangevila. Habari hiyo alimsimulia sista mmoja mganga. Mwezi wa Julai 2007 aliuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezya ilimtangaza Mwenye Heri huko Roma.

Ushujaa kama ule hauzaliwi siku ile feza inapowekwa mezani. Kijana anayekataa leo kununua alama anajifunza kukataa kesho mambo makubwa zaidi. Na anayezoea kumfungulia moyo mtu mwaminifu hatakuwa peke yake siku ya jaribu.

Enyi wazazi, mnatoka jasho kutafuta feza ya masomo, na Mungu anaiona taabu yenu. Tafuteni tena saa moja kila juma kwa ajili ya mkubwa wenu. Msianze kwa kuuliza alama zake. Mwulizeni anawaza nini, kisha ninyi mnyamaze.