Safari ya Kahuzi-Biega: namna tunavyoipanga kabla ya mwezi wa saba

Juma lililopita tuliahidi kuwapa habari ya mkutano wa safari. Mkutano ulichukua saa nne, na mvua ilinyesha saa zote nne. Mwandishi wetu alisogeza meza mara tatu kwa sababu ya bati linalovuja, na daftari lake lina madoa ya maji mpaka ukurasa wa mwisho.

Swali la kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa umri, naye alilisema kwa sauti: kwa nini tutoe pesa kwenda kuona pori, sisi tunaoishi porini? Watu walicheka, lakini swali si la kuchekwa. Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka wa 1970 ikiwa kilometa za mraba 600 tu, upande wa milima iliyo karibu na Bukavu. Mwaka wa 1975 iliongezwa mpaka kilometa za mraba 6,000. Ikashuka katika pori la chini, ikaingia Shabunda, Punia na hata Walikale yetu, huko Itebero. Maana yake parki imekuja mpaka kwetu. Lakini mahali wanapopokelea wageni ni Tshivanga, upande wa pili kabisa. Ni kama jirani ambaye ua wake unagusa ua wako, kumbe mlango wake uko njia nyingine, na ili umsalimie inabidi uzunguke mtaa mzima.

Tena tulimjibu mama yetu hivi: pori tunalijua kwa kuni, kwa mashamba na kwa kukimbia. Wengi wetu tumelala ndani yake na watoto mgongoni, tukisikiliza risasi. Hakuna hata mmoja katika mkutano aliyewahi kuingia porini asubuhi, ameshiba, kwa ajili ya kutazama tu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza safari inagharimu kiasi gani. Tukajua amekubali.

Sasa njia. Wazee wanakumbuka wakati ambapo barabara ya Bukavu kwenda Kisangani ilipitisha magari makubwa Tshivanga, Hombo, Itebero mpaka Walikale. Kama ingekuwa vile leo, tungeingia parki kwa mlango wa nyuma. Hatuithubutu hiyo. Tutapita upande wa ziwa: kutoka Ntoto mpaka Masisi kwa miguu ao kwa moto, kadiri matope yatakavyoruhusu; halafu gari kutoka Masisi, Lushebere, Bihambwe, Mushaki, na kushuka Sake. Pale Sake hatuendi Goma. Tunashika njia ya kusini, Bweremana, Minova, Nyabibwe, Kalehe, Katana, Kavumu mpaka Miti, ziwa likiwa mkono wa kushoto karibu safari yote, isipokuwa pale barabara inapokimbilia milimani. Miti ndipo njia inapanda magharibi kwenda Tshivanga.

Kuna wamama walioota kulala Sake kando ya barabara ili kupunguza pesa ya malazi. Tulikataa, na sababu ni mazuku. Wakaaji wa Sake wanaijua vizuri: ni hewa nzito inayotoka ardhini katika eneo la volkano, haina rangi, na inakaa katika mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Kondoo na mbuzi wanaingia humo kula majani, hawatoki. Mtoto ni mfupi kuliko mtu mzima, naye anaivuta haraka zaidi. Basi hakuna kutandika mkeka popote tunapopaona panafaa. Tutalala kwa watu wetu, na watoto hawataenda kujisaidia bondeni kabla jua halijatoka.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi ni tarehe. Kikundi kimoja kilitaka mwezi wa tano, kwa sababu pesa ya maharagwe inaweza kuwa imeingia. Hapo dada yetu mmoja, aliyeolewa upande wa Kalehe, aliomba neno. Alitukumbusha tarehe 4 mwezi wa tano mwaka wa 2023, siku ya nne ya juma, siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilinyesha milimani, mito ikapasuka, mawe na miti vikashuka na maji juu ya soko na juu ya nyumba, Nyamukubi na Bushushu pia. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Wengi walikuwa wamama kama sisi, wenye vikapu vyao, wakisubiri wateja wa mwisho. Milima ile ilikuwa imevuliwa miti yake, na nyumba zilijengwa mahali ambapo mto ungepita siku moja. Barabara yetu inapita palepale.

Hakuna aliyezungumza tena juu ya mwezi wa tano. Tumekubaliana mwezi wa saba, wakati mvua inapungua. Tunasema inapungua, hatusemi inaacha. Sisi wa Ntoto tunajua mwezi wa saba pia unaweza kukulowesha mpaka mfupa. Na tumeweka sheria moja ambayo kila dereva ataisikia kabla hajapokea hata franka moja: mvua kubwa ikitukuta kati ya Nyabibwe na Kalehe, gari linasimama mahali pa juu, mbali na daraja na mbali na mto, hata kama tutafika usiku, hata kama mwenye gari atanung'unika.

Upande wa furaha, ziwa lenyewe. Wale ambao hawajafika Minova, tunawaambia mapema: mtataka kununua sambaza wote wa soko. Samaki hao wadogo si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanaolisha pwani yote. Usiku mtaona taa za wavuvi juu ya maji, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wakipiga kasia wanaimba. Ng'ambo mtaona Idjwi. Ziwa halina mamba wala kiboko, lakini lina kina kirefu karibu kabisa na ukingo; watoto wataoga mahali ambapo wakaaji wanaoga, si pengine.

Tshivanga ni baridi. Tunalirudia, kwa sababu mama mmoja aliuliza kama kitenge kimoja kinatosha. Hakitoshi. Ni juu ya metre 2,000, pori la mianzi na ukungu, na mlima Kahuzi unafika metre 3,308. Kila mmoja alete sweta, mabuti ya mpira, soksi ndefu za kuingiza suruali ndani (ndiyo, suruali chini ya kitenge, upupu na siafu hawaheshimu mtu), na mfuko wa plastiki wa kuficha simu na kadi ya uchaguzi. Chakula cha njiani tutapika wenyewe: lituma, maharagwe makavu yaliyokaangwa, ndizi. Sombe haitakiwi, itachacha kabla ya Mushaki.

Wale wanaotaka kuona gorila wajue masharti. Gorila wa kwetu ndio wakubwa kuliko wote duniani, na hawapatikani nchi nyingine, mashariki ya Kongo tu. Vita na uwindaji viliwapunguza sana: mwaka wa 2016 watafiti walikadiria wamebaki karibu 3,800, hesabu nyingine ya mwaka wa 2021 ikasema karibu 6,800, kwa sababu maeneo mengi zaidi yalifikiwa. Magonjwa yetu yanawaua. Kwa hiyo mwenye kikohozi ao mafua haingii, hata kama amelipa, kila mtu anavaa barakoa, hakuna kuwasogelea, na ukishawafikia unakaa nao saa moja tu. Watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Watabaki chini na wamama wawili waliojitolea, na tunawashukuru hao kwa moyo wote, kwa sababu kazi yao itakuwa ngumu kuliko kupanda mlima.

Neno la Batwa lilitusumbua, na hatutalificha. Parki ilipoanzishwa, Batwa waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa, bila fidia. Mwaka wa 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema kwamba serikali yetu ilivunja haki zao, na kwamba wanastahili kurudishiwa ardhi yao na kuombwa msamaha. Mama mmoja aliuliza: je, tutalipa pesa ili tuingie mahali ambapo wenyewe walifukuzwa? Wengine walijibu kwamba bila parki pori lile lingekuwa makala zamani. Wote wawili wana haki, na mkutano haukumaliza jambo hili. Tulichoamua ni kidogo: tutaomba kutembea na wapelelezi wa nyayo walio Batwa, maana tangu mwanzo wa parki ni wao wanaojua gorila wamelala wapi, na vyungu vya kurudi navyo nyumbani tutanunua kwa wamama Batwa wenyewe, kwa bei watakayosema. Tusisikie mtu anapunguza bei pale.

Pesa. Sanduku la likelemba halitalipa safari yote. Lina kazi yake, kuna wamama watatu watakaojifungua kabla ya mwezi wa nane, na bati la jumba letu mmeshasikia hali yake. Kila msafiri atajilipia gari, akitoa kidogo kidogo kila siku ya posho tangu juma lijalo. Sanduku litalipia kiingilio cha wajane wanne, majina yao tayari yamechaguliwa kwa kura. Mama mweka hazina ataandika mbele ya watu wawili.

Kuna jambo la viti pia. Vita ya 1993 ilianzia katika soko la Ntoto, mwezi wa tatu, na wasomaji wetu wanajua ni nani alizika nani. Kuna wamama katika chama hiki wanaosalimiana vizuri sokoni, lakini hawajawahi kukaa kwenye benchi moja tangu wakati ule. Tutakuwa na magari mawili. Mtu alipendekeza kila mmoja achague gari lake, na sote tulielewa yangekuwa magari ya namna gani. Tuliandika majina kwenye karatasi ndogo, tukayachanganya katika sufuria, na mtoto wa mwenye nyumba akayatoa moja moja. Wawili walipoona jirani waliyepangiwa walitoka nje. Mmoja alirudi kabla ya chai. Wa pili jina lake bado limo katika orodha, na nafasi yake haitauzwa.

Mwisho, usalama. Juma moja kabla ya kuondoka, wawili wetu watauliza waendesha moto na wauzaji wa jibini wanaotoka Masisi kila siku habari ya njia nzima, bariyeri kwa bariyeri. Tutaulizia pia Tshivanga kama wanapokea wageni. Tukiambiwa hapana, hatutabishana: tutaishia Minova, tutalala siku moja, tutakula sambaza na kurudi, na pesa ya kiingilio itarudi sandukuni mpaka mwaka ujao. Njia ikifungwa kabisa, tutabaki nyumbani na kila mmoja atarudishiwa alichotoa.

Wanaotaka kujiandikisha wamwone mama mweka hazina siku ya posho, saa nane, baada ya soko. Waje na pesa ya kwanza na waseme kama wana mabuti ao wataazima. Kwa sasa tuna jozi kumi na moja, na sita kati yake ni za mguu wa mtoto.