Mtoto akivunjika mkono, tazama vidole kabla ya mfupa

Vijiji vya Bulwa, kwenye milima ya Usambara Mashariki, vimezungukwa na kila kinachomwita mtoto apande: mifenesi, michungwa, mikarafuu. Chini ya miti hiyo ardhi ni mteremko, na mvua ikinyesha, utelezi humwangusha hata mtu mzima mwenye kapu la chai mgongoni. Anayeanguka hutanguliza kiganja. Ndiyo maana kifundo cha mkono ni miongoni mwa sehemu zinazovunjika mara nyingi zaidi kwa watoto.

Mama hupata habari akitoka shambani. Mtoto ameukumbatia mkono, kifundo kimevimba, na giza linaingia. Bibi wa mtoto ana jibu tayari: “Mwanangu, mpeleke kwa yule mzee. Hata mumeo alivunjika akiwa mdogo, akaungwa pale pale, na leo analima.”

Hospitali iko bondeni, usafiri ni bodaboda au kusubiri gari la asubuhi, na pesa ya picha na dawa haijulikani itatoka wapi. Mama anayesita hapo si mzembe. Anapima alichonacho.

Bibi hasemi uongo

Mfupa wa mtoto ni laini. Mara nyingi haukatiki kama kuni kavu. Hubonyea upande mmoja, au hupasuka nusu kama kijiti kibichi. Uliobonyea tu, ukitulizwa, huunga kwa takriban wiki tatu, na mkunjo mdogo hunyooka wenyewe kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo wengi waliopona kwa mganga wa mifupa wangepona hata kwa banzi jepesi na kanga ya kuning'iniza mkono.

Wala kupapasa kwa vidole si ujinga. Mwaka 1814 Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, Ireland, alieleza aina ya kuvunjika kwa kifundo inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Hakuwa na eksirei. Hiyo iligunduliwa mwaka 1895.

Lakini mikono haioni yote. Karibu na kifundo cha mtoto kuna sehemu ambako mfupa hurefukia. Ikiumia, kisha ikavutwa na kukandwa, mkono unaweza kudumaa au kukua ukiwa umepinda. Kwa vijana waliobalehe, kuna mfupa mdogo chini ya kidole gumba unaoweza kuvunjika bila kuonekana hata kwenye picha ya kwanza. Maumivu yakibaki kwenye kile kishimo cha chini ya gumba, picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Hatari iko kwenye kamba

Mkono uliovunjika huendelea kuvimba kwa siku mbili au tatu. Banzi lililofungwa vizuri jioni linaweza kuwa kitanzi usiku wa manane. Damu ikishindwa kupita, misuli huanza kufa, na ndani ya takriban saa sita madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Vidole hujikunja kama makucha na havinyooki tena. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alihusisha ulemavu huo na bandeji zilizokazwa mno. Mambo yakizidi, mkono huoza na kukatwa.

Hili si la mganga peke yake. Plasta ya hospitali, ile inayoitwa hogo, nayo hubana mkono ukivimba ndani yake. Kwa hiyo popote mtoto alikofungwa, kazi ya kumwangalia usiku ni ya mzazi. Dalili za hatari ni hizi:

• Maumivu yanazidi badala ya kupungua, hasa vidole vikinyooshwa.

• Mtoto analalamika ganzi, au hawezi kuchezesha vidole.

• Vidole ni vya baridi, vimepauka au vina rangi ya buluu.

• Ukucha ukibonyezwa ukawa mweupe, wekundu haurudi ndani ya sekunde mbili baada ya kuachiwa.

Hata dalili moja inatosha. Banzi lilegezwe hapo hapo na safari ianze. Mwenye hogo arudishwe hospitali usiku huo huo likapasuliwe, asisubiri tarehe yake ya kliniki. Mfupa uliolegea unaweza kunyooshwa tena kesho. Misuli iliyokufa hairudi.

Usiku huo nyumbani

Bangili, pete na uzi vivuliwe mapema, kabla uvimbe haujavizidi. Mkono usivutwe wala kukandwa. Ulazwe juu ya boksi gumu lililotandikwa kitambaa laini, ufungwe kwa kanga bila kukaza, kisha kanga nyingine iubebe kutoka shingoni. Akilala, mkono uwekwe juu ya mto. Paracetamol ya kipimo cha mtoto hutuliza maumivu.

Mkono uliopinda, wenye jeraha au wenye ganzi hausubiri asubuhi. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi tu, bila dawa ya kienyeji. Asiye na dalili hizo anaweza kulala, na asubuhi ashushwe Hospitali Teule ya Muheza. Ikibidi, Bombo mjini Tanga.

Kwa bibi, jibu lipo lisilomvunjia heshima: “Mama, nimekusikia. Yule mzee hatumdharau. Tukampige picha kwanza, tuone mfupa umekaaje.” Bibi anayeonyeshwa jinsi ya kubonyeza ukucha huwa mlinzi mzuri wa zamu ya usiku, maana yeye ndiye huamka mara nyingi.

Hogo likishafungwa, lisiloweshwe, na kijiti kisipenyezwe ndani kukuna. Mtoto achezeshe vidole kila siku. Wengi hukaa nalo wiki tatu hadi sita. Likitolewa, mkono huwa mwembamba na mkavu, na kifundo ni kigumu kukunja. Hiyo isimtishe mzazi wala kumrudisha kwenye kukanda. Kula kwa mkono huo, kuandika na kufua nguo ndogo huurudishia nguvu. Miti isubiri wiki kadhaa zaidi, kwa sababu mfupa uliounga karibuni huvunjika upesi ukiangukiwa tena.