Baba Alipogeuka Dada

Kiwanda cha chapa nilichoanzia kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Kariakoo, kilichapa kila kitu isipokuwa pesa: risiti, kadi za harusi, katiba za vyama vya kufa na kuzikana. Herufi zilikuwa za risasi. Mpangaji alizichomoa moja moja na kuzisimamisha kwenye kijitrei cha chuma, zikisomeka kinyume kama maandishi kwenye kioo. Hapo b na d ni pacha. Kazi ikiisha, kila herufi inarudishwa kwenye kijumba chake, na anayerudisha ovyo jioni humponza mwenzake asubuhi.

Ndivyo zilivyotoka kadi zilizotangaza kwamba "dada mzazi wa bibi harusi" anawaalika wageni kwenye karamu. Baba mwenyewe alipokuja kuzichukua, hakucheka. Zikachapwa upya, na mpangaji akakatwa mshahara.

Yapo makosa yaliyotokana na uhaba tu. Kesi za herufi, yaani masanduku yenye vijumba hivyo, zilikuja zimegawanywa kwa mahitaji ya Kiingereza, ambako kijumba kikubwa kuliko vyote ni cha e. Sisi tunaishi kwa a. Tukifika katikati ya ukurasa, a zimekwisha, inabidi tusubiri ukurasa wa jana ubomolewe. Waliokosa subira walichomeka e wakaipindua juu chini. Kwa mbali inapita, hasa kwa mteja aliyesahau miwani.

Wenye magazeti walikuwa na Linotype, mtambo unaomwaga risasi na kutoa mstari mzima kwa mkupuo. Ulikuwa na kasi, lakini ukikosea herufi moja, mstari wote unatupwa na kumwagwa mwingine. Mara nyingi mstari wa kusahihisha ulikuja na kosa lake jipya, au fundi akauchomeka kwenye aya ya watu wengine. Ndiyo maana prufu, yaani nakala ya majaribio, ilisomwa na watu wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kalamu.

Mzee aliyenifundisha kusoma prufu hakuhangaika sana na herufi zilizopinduka. Hizo, alisema, hata mtoto ataziona. Alichokiogopa ni h. "Waziri atahudhuria" na "Waziri hatahudhuria" yote ni maneno safi, yamekaa sawasawa, hayamshtui mtu. Alipenda kutukumbusha Biblia iliyochapwa London mwaka 1631, ambayo neno moja dogo la kukanusha lilidondoka kwenye amri ya saba, waumini wakajikuta wanaamriwa kuzini. Wachapaji, Robert Barker na Martin Lucas, walitozwa faini ya pauni 300 na kunyang'anywa leseni. Kwa Kiswahili, alisema mzee, si lazima lidondoke neno. Silabi moja yatosha. Toa "si" kwenye "usizini" uone.

Kompyuta zilipoingia miaka ya 1990, tulidhani tumepona. Kumbe programu ya kuandikia ilijua Kiingereza peke yake, ikapigia mstari mwekundu kila neno letu, ukurasa mzima ukaonekana umechanjwa kwa wembe. Tukauzima ule ukaguzi, na msoma prufu naye akapunguzwa kazini, maana "kompyuta ipo". Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili; nilifurahi, lakini ofisi nyingi nilizozijua ziliendelea na ya zamani. Makosa yakawa mengi na, kwa maoni yangu, ya kivivu zaidi. Hata asiyejua kutofautisha "tafadhari" na "tafadhali" akawa anajitetea kuwa ni makosa ya uchapaji.

Sasa simu zinaandika zenyewe. Kwenye kundi letu la ukoo, siku ya msiba, mpwa wangu aliyeko Marekani alituma "Pollen Santa". Alikusudia "Poleni sana". Shangazi akauliza kama huyo Santa ni mmoja wa wakwe. Kosa la herufi za risasi lilikuwa na mwenyewe, na mshahara wake ulijua hivyo; hili la simu mpwa alilijibu kwa kusema, "Simu hiyo, mjomba, siyo mimi."

Na h ingali palepale. Mwezi wa Rajabu baba mdogo aliandika kwamba "atakuja" Jumamosi, tukapika pilau la kutosha watu wa Tanga wote. Hakutokea. Nilipompigia, akasema mbona aliandika hatakuja. Nikafungua ujumbe: h ipo, imekaa mahali pake. Tangu mwaka 2023 WhatsApp inamruhusu mtu kurekebisha ujumbe wake ndani ya dakika 15, na pembeni huweka kialama kidogo kwamba umehaririwa. Nikamwonyesha mke wangu kile kialama. Akaniambia nikatafute vyombo vya kuwapelekea majirani pilau.