Jini Anapodaiwa Kodi ya Chumba

WATU wengi wanakwenda Kaole kuangalia historia. Mimi, msomaji wangu, nilikwenda kumtafuta jini. Siyo wa kunidhuru, bwana we! Wa kupendwa.

Iko hivi. Nilikuwa nimeandika hadithi ya kuchekesha ya kijana wa Manzese aliyezimikiwa na jini wa kike. Mhariri mmoja akanirudishia, juu yake kaandika maneno mawili tu: "Haina utamu." Roho iliniuma, maana pesa ile nilishaipangia kodi ya chumba.

Basi Jumamosi nikadaka gari la Bagamoyo pale Makumbusho. Nilikuwa na binti mmoja, jina naliweka kapuni, ndiyo kwanza tunazoeana. Bunju, Mapinga, Kerege, yeye kainamia karatasi zangu. Hacheki! Alicheka mara moja tu, tena pale ambapo mimi nilikusudia aogope.

Kutoka Bagamoyo mjini hadi Kaole ni kama kilomita 5 kwenda kusini, tukapigwa mshikaki kwenye bodaboda. Pale pana gofu la msikiti wa karne ya 13, kuta za matumbawe, makaburi yenye minara, na kule chini mikoko na bahari. Kimya chake unasikia mpaka mapigo ya moyo wako. Mzee anayetembeza wageni akatuonyesha kaburi moja, akasema wamelala humo wapenzi wawili waliokufa maji pamoja. Binti wa watu akasogea karibu yangu. Sikulalamika.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile stori ambayo kila kijana wa Dar kaisikia. Mshikaji kaopoa mrembo disko, kambeba kwenye gari, kampa koti maana kuna baridi. Asubuhi koti linakutwa makaburini. Inatisha. Lakini hebu fikiria kesho yake yule mrembo anagonga hodi, kalirudisha koti, kalifua, kalifukiza na udi, halafu anauliza kwa aibu kama jana aliongea sana. Jini ni yule yule, ila sasa naye ana wasiwasi wa kukataliwa. Hofu imeshakuwa kicheko, na wewe unataka wapatane.

Tukakaa chini ya mbuyu. Nikamuuliza binti, vipi hadithi?

"Sasa wewe, huyu jini wako akitaka pesa zinatokea, akitaka nyumba inatokea. Kijana naye anakula tu. Mapenzi yako wapi hapo? Mwenye nyumba akija, na yeye ajifiche chooni kama sisi."

Duh! Mhariri angeniandikia hivyo ningeelewa mapema.

Kuna mchezo wa TV wa Marekani, I Dream of Jeannie, ulioanza mwaka 1965. Jini wa kike katoka kwenye chupa, kampenda mwanaanga. Uwezo anao wa kila kitu, lakini kila akimsaidia bwana wake ndivyo anavyomtia matatani kazini. Utamu wote upo hapo: siri isijulikane, na mtu asimpoteze mwenzake. Waliooana mwishoni mwa 1969, mwaka 1970 mchezo ukaisha. Siri hakuna, presha hakuna, mtazamaji abaki anangoja nini?

Wangu mimi niliwaoza ukurasa wa pili.

Kwenye gari la kurudi tukaanza upya nyuma ya karatasi zile zile. Jini kaapa kwa mama yake hatatumia uchawi ndani ya nyumba ya kupanga. Anakuna nazi kwa mkono, vidole vinachubuka. Kijana anaona, anaujua uwezo alionao, na hajui amwambie nini. Hapo tulinyamaza wote wawili kuanzia Kerege mpaka Bunju.

Halafu binti akacheka peke yake. Akasema lazima aje wifi mtu kutoka kijijini, amkague jini juu mpaka chini, amuulize: "Haya mwenzetu, na wewe kwenu wapi?"

Ajibu nini? Tulibishana mpaka Makumbusho. Karatasi kaondoka nazo yeye, kasema nizifuate Jumapili. Kodi bado nadaiwa.